Casa Gorordo: Historia Imelala Ghalani

Wazee wa pwani yetu walikuwa na sarafu ya fedha wakiiita reale ya mzinga. Ilikuwa ya Mhispania, imechorwa nguzo mbili ubavuni mwa ngao ya mfalme, lakini watu wa Unguja hawakuona nguzo. Waliona mizinga miwili, na jina likakaa. Fedha yenyewe ilichimbwa Meksiko na katika mlima wa Potosí, Bolivia ya leo, ambako wenyeji wa Andes waliingizwa migodini kwa zamu za lazima. Nyingine ikavuka Bahari ya Hindi mikononi mwa wafanyabiashara wa kila taifa, na nyingine ikavuka Pasifiki kwa meli za Acapulco hadi Manila, mwaka baada ya mwaka, tangu 1565 hadi 1815.

Naanza na sarafu hiyo kwa sababu nataka kuzungumzia nyumba moja iliyo mbali nasi, katika mji wa Cebu, Ufilipino. Nyumba hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara katika dola ya Kihispania na leo ni makumbusho. Tukiitazama kwa haraka tutaiona kama kitu cha wenzetu. Tukiitazama kwa utulivu tutakuta kuta zake ni ndugu wa kuta zetu, na maswali yake tumeyakwepa sisi pia.

Inaitwa Casa Gorordo. Iko katika mtaa wa Parian, sehemu kongwe ya mji. Ilijengwa katikati ya karne ya 19 na Alejandro Reynes y Rosales, na mwaka 1863 ikanunuliwa na Juan Isidro Gorordo, mfanyabiashara. Vizazi vinne vya ukoo wake viliishi humo, akiwemo Juan Gorordo, Mfilipino wa kwanza kuwa askofu wa Cebu, aliyekalia kiti hicho tangu 1910 hadi alipojiuzulu 1931. Baadaye taasisi ya Ramon Aboitiz ikainunua na kuikarabati, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1983, na mwaka 1991 serikali ikaitangaza kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Hayo ndiyo maelezo ambayo mgeni yeyote hupewa mlangoni, na ni ya kweli. Ila yanaanza na wenye nyumba na kuishia kwa wenye nyumba. Hoja yangu ni hii: nyumba ya mfanyabiashara haisomwi kuanzia sebuleni. Inasomwa kuanzia ghalani.

Tuutazame ukuta kwanza. Ghorofa ya chini imejengwa kwa matumbawe, mawe yaleyale tuliyojengea Kilwa, Mombasa, Lamu na Mji Mkongwe. Aliyekulia katika nyumba ya matumbawe anayajua bila kuelezwa: jiwe jepesi kuliko linavyoonekana, lenye matundu ya wadudu wa baharini waliokufa zamani. Hunywa unyevu wakati wa masika na kutoa chumvi jua likiwaka, hadi chokaa inainuka na kudondoka kama magamba ya samaki. Ukipitisha kiganja, unga mweupe hubaki mkononi. Watu wa Cebu husimulia kwamba mafundi wa zamani waliungia mawe hayo kwa chokaa iliyochanganywa na ute wa mayai.

Juu ya ukuta huo inakaa nyumba nyingine kabisa, ya mbao ngumu na paa la vigae vya udongo. Wafilipino huiita kwa jumla bahay na bato, nyumba ya mawe, ingawa nusu yake ya juu ni mti mtupu. Wahispania walitaka jiwe, wakaletewa matetemeko ya ardhi. Wenyeji walijua mbao, ambazo hutikisika na kurudi mahali pake. Ndipo ikapatikana nyumba yenye miguu ya mawe na kiwiliwili cha mbao. Ni fundi wa kienyeji aliyemwokoa tajiri na matetemeko.

Madirisha ndiyo yananishika zaidi. Vioo vilikuwa ghali, kwa hiyo mafundi walichukua maganda ya chaza mmoja mwembamba anayeitwa capiz, wakayakata vipande vya mraba, wakavipachika kimoja kimoja katika fremu ya mbao iliyogawanywa kama ubao wa bao. Kila dirisha huteleza pembeni kwenye mfereji wake. Likifungwa adhuhuri, jua la kitropiki linaingia likiwa limepoozwa, lina rangi ya tui la nazi, na chumba kinabaki na mwanga bila ya mwako. Chini ya kizingiti cha dirisha kuna vidirisha vidogo zaidi vya kuingizia upepo miguuni. Aliyebuni kitu hiki alielewa joto kuliko wasanifu wengi wa leo wanaotujengea masanduku ya vioo halafu wakatuuzia na kiyoyozi.

Sasa, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari kutoka Cebu kuna kisiwa cha Mactan. Huko ndiko Ferdinand Magellan alikouawa tarehe 27 Aprili 1521, na wapiganaji wa chifu Lapulapu. Dunia inamkumbuka kama baharia wa kuizunguka dunia. Sisi tuna kumbukumbu nyingine. Mwaka 1505 Magellan, kijana bado, alijiunga na msafara wa Mreno Francisco de Almeida, msafara uleule ulioiteka Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Miaka kumi na sita baadaye, sasa akimtumikia mfalme wa Hispania, akatua katika bandari nyingine ya matumbawe na kudai utii. Mara hii hakuondoka. Simleti hapa kwa kisasi. Namleta kwa sababu nyumba kama Casa Gorordo huelezwa kana kwamba zilichipuka zenyewe kutokana na "mawasiliano ya tamaduni". Mawasiliano hayo yalianza kwa mizinga, na watu wetu walipoitazama sarafu na kuona mizinga hawakukosea sana.

Hata hivyo kuna kosa la upande wa pili, na ndilo linaloharibu uelewa wa nyumba hii. Mgeni akisikia "nyumba ya zama za Wahispania" huwaza galeoni, zile meli kubwa za Acapulco na Manila, na hariri, mapadri na panga. Lakini safari za galeoni zilikoma 1815, miongo kadhaa kabla jiwe la kwanza la Casa Gorordo halijawekwa. Nyumba hii ni mtoto wa zama nyingine. Mwaka 1860 serikali ya kikoloni iliifungua bandari ya Cebu kwa biashara ya moja kwa moja na nchi za nje. Miaka mitatu baadaye Gorordo akanunua nyumba. Tarehe hizo mbili zisomwe pamoja. Bendera iliyopepea ilikuwa ya Hispania, lakini soko lilikuwa la Uingereza na Marekani, mtandao wa biashara ya visiwani ulikuwa wa Wachina na machotara wa Kichina, na jasho lilikuwa la Wacebu na majirani zao wa Leyte, Samar na Negros. Kuiita nyumba ya "Kihispania" ni kuitaja kwa jina la mmoja tu kati ya wabia.

Biashara yenyewe ilikuwa sukari na abaca. Sukari tunaijua. Abaca inahitaji maelezo, maana ni mgomba, ndugu kabisa wa migomba yetu ya Bukoba na Uganda, ila ndizi zake hazilimiwi kuliwa. Unaukata mkungu na majani, unabaki na shina; unalichambua tabaka kwa tabaka, kisha kila utepe unauvuta kwa nguvu chini ya kisu kilichobanwa kwenye gogo, nyama ya mmea inabaki upande mmoja na nyuzi zinatokea upande wa pili, nyeupe na ndefu kuliko mtu. Ni kazi ya kuvunja mgongo na mabega. Faida ya nyuzi hizo ni kwamba kamba yake haiozi upesi katika maji ya chumvi. Ndiyo maana meli za karne ya 19 zilifungwa kwa kamba iliyoitwa ya Manila. Wafanyabiashara wa Massachusetts waliotuletea kitambaa cha merikani Unguja, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi, walikuwa pia wanunuzi wa abaca ya Ufilipino. Hivyo haikosi kwamba jahazi la Kiunguja liliwahi kuegeshwa ubavuni mwa meli ya Salem iliyofungwa kwa nyuzi zilizovutwa kwa kisu huko Leyte au Samar.

Abaca na sukari zilikusanywaje mpaka zikafika bandarini? Kwa mkopo. Mtaa wa Parian ulianza kama makazi ya wafanyabiashara Wachina mwishoni mwa karne ya 16, ukawa mtaa wa machotara matajiri, na utajiri huo ulikuwa na mashine yake. Mkulima alipewa mchele na fedha kabla ya mavuno, naye akalipa kwa mazao, kwa bei aliyoipanga mwenye fedha. Aliyehitaji zaidi aliweka shamba chini ya mkataba ulioitwa pacto de retroventa: anauza ardhi yake, lakini ana haki ya kuinunua tena ndani ya muda fulani. Muda ukipita, ardhi imekwenda. Wasomaji wa Unguja na Oman watautambua mkataba huu upesi, maana kwetu ulikuwepo kwa jina la bei khiyari, na mashamba mengi ya karafuu yaliingia rehani kwa njia hiyohiyo. Bahari mbili, dini mbili, na kamba ni ileile. Simtuhumu Gorordo binafsi. Nauelezea mtaa na zama zilizoifanya nyumba kama yake iwezekane.

Juu ya deni kulikuwa na kazi ya lazima. Wahispania waliiita polo: kila mwanamume mwenyeji mwenye umri wa miaka 16 hadi 60 alidaiwa siku 40 za kazi kwa mwaka, zikapunguzwa kuwa 15 mwaka 1884. Barabara, madaraja, kuta za makanisa, vingi vilisimama kwa siku hizo. Mwenye uwezo alilipa fedha akasamehewa.

Yote hayo yalipita chini. Katika nyumba za aina hii ghorofa ya mawe ilikuwa ghala na maegesho ya gari la farasi. Familia iliishi juu, mbali na vumbi, mafuriko na wezi. Magunia yaliingia kwa mlango mpana, yakapimwa na kuandikwa. Hamali alifika hapo na kurudi. Ngazi ilikuwa mpaka. Waliopanda walikuwa wageni waliovua kofia, mapadri, jamaa, na watumishi waliobeba sinia.

Tunaujua mpaka huo. Katika nyumba kubwa za Lamu za karne ya 18, ghorofa ya chini ilikuwa ya mizigo na ya watumwa. Mabwana waliishi juu, kwenye zidaka za chokaa zilizojaa vyombo vya kauri vya China. Leo mgeni hupandishwa moja kwa moja kwenye zidaka. Hupiga picha. Huambiwa habari za harusi, za kitanda cha bibi harusi, za ustadi wa fundi aliyechonga chokaa. Ni mambo mazuri na ya kweli. Lakini aliyelala chini hatajwi, au hutajwa kwa sentensi moja huku mwongozaji akitazama saa.

Na hili ndilo tatizo la makumbusho za nyumba popote zilipo. Samani zinaonekana, deni halionekani. Meza ya kulia chakula ya mbao ngumu imedumu miaka 150, wakati kikapu cha hamali hakikudumu hata miwili. Kwa hiyo hata mhifadhi mwenye nia njema hujikuta anaonyesha kilichobaki, na kilichobaki ni cha wenye nacho. Ghorofa ya juu ya Casa Gorordo imepangwa kama makazi ya familia yenye heshima, na ni nzuri mno. Uzuri huo unafanya kazi yake. Mtu anashuka ngazi akiwa amependa. Swali linalopaswa kumjia baada ya kupenda ni: haya yalilipwaje? Makumbusho isiyomsaidia kuuliza hilo imemwacha nusu ya safari.

Najua jibu la wahifadhi. Watasema nyumba ni nyumba, kazi yake ni kuonyesha watu walivyoishi, na masuala ya uchumi yana vitabu vyake. Sikubali. Watu walivyoishi ni pamoja na walivyopata. Jikoni pia ni chumba cha nyumba. Ngazi ya nyuma pia ni ngazi. Na ghala ndilo lililokuwa moyo wa nyumba; kulifanya kuwa ukumbi wa mapokezi tu, au mahali pa kununulia kadi, ni kuutoa moyo ukaonyesha nguo. Ukiniuliza niweke nini pale, sitaomba mashine za gharama. Mizani moja. Robota la abaca ambalo mgeni ataruhusiwa kujaribu kuliinua. Kisu na gogo lake. Nakala ya mkataba mmoja wa pacto de retroventa, imetafsiriwa kwa Kisebuano cha kawaida, isomwe na mtoto wa shule mpaka mwisho. Sarafu moja ya fedha chini ya kioo, na maelezo ya mlima ilikotoka.

Hata hivyo niwe mwadilifu kwa walioiokoa nyumba, kwa sababu Parian imepoteza mengi. Kanisa la mtaa, fahari ya machotara, lilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1870 baada ya mivutano ya muda mrefu na wakubwa wa kanisa. Vita vya Pili vya Dunia viliangamiza sehemu kubwa ya mji. Kilichosalimika kinahesabika kwa vidole: Casa Gorordo, nyumba ya Yap-Sandiego, ya ukoo wa mfanyabiashara Mchina, kongwe zaidi, na nyumba ya Wajesuti, watawa wa Kikatoliki, yenye tarehe 1730 ukutani. Hii ya mwisho inastahili kusimuliwa peke yake. Iko ndani ya ghala la vifaa vya ujenzi. Unapita kwenye nondo na mabomba, unageuka, na mbele yako imesimama nyumba ya karibu miaka mia tatu, imefunikwa na paa la ghala kama kuku aliyefunikwa tenga. Wajesuti walifukuzwa Ufilipino 1768, nyumba ikapita mikono mingi, na ikadumu kwa sababu wafanyabiashara waliona ina faida kuitumia. Biashara inabomoa, lakini mara nyingine biashara hiyohiyo huhifadhi bila hata kukusudia.

Casa Gorordo nayo iliokolewa na mikono ya aina hiyo. Taasisi ya Ramon Aboitiz, iliyoanzishwa 1966, imetokana na ukoo ambao mzee wake, Paulino Aboitiz, alitoka Lekeitio katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, akafika Leyte katika karne ya 19 na kuingia kwenye biashara ya abaca, kabla ukoo haujahamia Cebu na kuwa kampuni kubwa. Abaca ilijenga mtaa, abaca ikazaa kampuni, kampuni ikanunua nyumba ya mtaa. Hakuna aibu hapo. Bila ya fedha hizo huenda leo pangekuwa na maegesho ya magari. Lakini msimulizi wa historia ya wafanyabiashara akiwa ni mrithi wa wafanyabiashara, wajibu wake wa kufungua daftari la hesabu unakuwa mkubwa zaidi. Ana nyaraka, ana fedha, na hakuna atakayeweza kumwambia kwamba haielewi biashara.

Ulinganisho na Manila unanifanya niithamini zaidi. Ndani ya Intramuros, mji wa kale wa Manila uliozungushiwa ukuta, kuna Casa Manila, nyumba ya tajiri wa karne ya 19 yenye samani za kupendeza. Lakini ilijengwa upya katika miaka ya 1980, kwa amri ya Imelda Marcos, baada ya mji ule wa zamani kusagwa na vita mwaka 1945. Ni mfano, umefanywa kwa ustadi, na unaonyesha utajiri kama utajiri ulivyotaka kuonekana. Huwezi kuuliza ukuta wake swali lolote, kwa maana haukushuhudia kitu. Huko Vigan, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1999, mitaa mizima ya nyumba za machotara bado imesimama. Cebu imebakiwa na chache tu, na hizo chache zina mawe yaliyoguswa na wale wasiotajwa. Nafasi hiyo Casa Manila haitakuwa nayo kamwe.

Mjini Cebu kuna barabara kubwa yenye jina la Askofu Gorordo. Jina linamstahili, Mfilipino kuvaa kofia ya uaskofu katika kiti kile halikuwa jambo dogo, baada ya karne tatu za mapadri wazalendo kuwekwa nyuma. Lakini yeye aliweza kusoma kwa sababu palikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwepo kwa sababu palikuwa na ghala.

Mwendo usio mrefu kutoka Parian, kuelekea bandarini, kuna soko la Carbon, soko kubwa na la zamani la umma mjini hapo. Kunapopambazuka mahamali wanashusha magunia kutoka kwenye malori, wengine wamejitandika kitambaa begani ili gunia lisiwachune. Mpango wa kulijenga upya soko hilo ulipotangazwa, wachuuzi waliandamana kuupinga, wakihofia hawatamudu kodi ya vizimba vipya. Wengi wa watu hawa ni wazao wa mashamba yaleyale ya Cebu, Leyte na Negros. Kama wasimamizi wa Casa Gorordo wanatafuta sauti za kuweka katika ghorofa yao ya chini, wabebe kinasa sauti alfajiri na waende Carbon, kabla wazee wa pale hawajatawanyika.